Mwembe Haukuwa na Kosa

Kalonda mwanangu,

Siku mimi mjomba wako nitakapoamka na hasira nikataka kila mtu anirudishie matofali yangu, Kalemie yote italala nje. Shule ile ya juu ya kilima ni matofali yangu. Nyumba ya shefu wa kartiye, mkubwa wa mtaa wetu, ni matofali yangu, hata choo chake. Ukuta wa parokia, ule uliokataa kuanguka siku ardhi ilipotetemeka na watu wakakimbilia barabarani na sahani mikononi, huo pia ni wangu. Alikuja mwinjinia mmoja mzungu kuupima, akaugonga kwa nyundo, mpini wa nyundo ukakatika. Akakaa chini akalia kama mtoto. Akaniuliza nimesomea chuo gani. Nikamwambia nimesomea kwenye tope, na mwalimu wangu ni jua. Akaokota kichwa cha nyundo. Alirudi kwao.

Nakukumbusha haya usije ukafikiri barua hii imeandikwa na mtu wa hivi hivi. Na nakuandikia kwa Kiswahili cha kunyooka, nilichokichukua kwa wafanyabiashara wa Kigoma nilipokuwa kijana, ili huko Nyunzu ukimsomea mama yako asiseme kaka yake amezeeka vibaya.

Kesho mnapanda treni, wewe na mkeo Jolie na tumbo lake, kama treni yenyewe itakubali kuondoka. Mizigo yenu iko sebuleni imefungwa kamba, na juu kabisa naona kibao changu cha kufyatulia matofali, kile cha mninga chenye vyumba viwili, nilichokupa Jumapili mbele ya watu. Mambo ya kila siku sikuambii. Mama Feza mke wangu amekwisha kukuambia yote: maji yachemshwe, mama yako asijibiwe kwa ukali, Jolie asibebe ndoo. Aliyoyasema yeye yanatosha, na hata yasingetosha mimi si mtu wa kusikilizwa katika mambo ya ndoo.

Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema jana.

Tulikuwa tumekaa na vijana waliokuja kukuaga. Mmoja akakuuliza kule Nyunzu utachimba wapi udongo. Ukajibu bila kufikiri, kama mtu anayejibu katekisimu: "Nyuma ya nyumba ya mama. Si njo vile Mjomba alinifundisha? Udongo ulale karibu na muntu!" Wakapiga makofi. "Papa Feza ameacha mutu nyuma yake!" Nami nilicheka kuliko wote. Nikicheka namna ile, mwanangu, ujue nimekatwa mahali.

Neno hilo nililitunga mimi mwenyewe, ni kweli. Kila fundi aliyepita mikononi mwangu analo. Ukichimba mbali, wezi wanakuja gizani wanabeba matofali mabichi hata kabla hayajashika. Ukichimba mbali, maji ya kukanda unayabeba kichwani mpaka shingo inaingia kifuani. Lakini ukichimba nyuma ya nyumba yako, unalala sikio moja likiwa kwenye matofali. Neno zuri. Lilinipa jina katika mji huu. Naomba kesho treni ikianza kuufuata mto Lukuga, ulitupe majini.

Ngoja nikuambie lilivyonigharimu, maana ulikuwepo lakini ulikuwa mdogo, na mambo mengine niliyakunja mbele yako.

Ulipofika kwetu ulikuwa na miguu kama vijiti vya kiberiti. Ulitoka Katanika, kule mama yako alikokuwa chini ya hema pamoja na watu wa Nyunzu waliokimbia mapigano. Alikuleta yeye mwenyewe kwa miguu. Akasimama pale mlangoni, akakataa kiti, akasema: "Kaka, mufundishe kazi. Usimufundishe hadithi." Nilikufundisha vyote viwili, na sasa naona kazi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mwembe ulikuwa bado umesimama uani. Utaukumbuka, ulipanda juu yake hata kabla hujasalimia. Mama Feza aliuotesha kwa kokwa aliyoitoa kwao Moba mwaka tuliooana. Na Feza, binti yetu, alikuwa na tawi lake, lile la chini kabisa, na hakuna aliyeruhusiwa kulikalia isipokuwa yeye. Wewe ulikuwa wa kwanza kupewa ruhusa. Alikuambia: "Kaa, lakini usilichoshe."

Sasa, kila mwaka embe zikiiva, homa iliingia nyumbani. Wazee wote wa kartiye walisema embe ndizo zinazoleta malaria, na macho yangu yaliona hivyo hivyo. Mwezi wa embe ndio ulikuwa mwezi wa watoto kutetemeka juani na kutapika maji ya njano. Wewe ungeona vitu viwili vinaingia kwa mlango mmoja, mwaka hadi mwaka, ungesemaje? Ungesema ni ndugu. Nami sikuona kwamba kuna wa tatu anayeingia pamoja nao, tena anatangulia. Mvua. Mvua ndiyo inayoivisha embe, na mvua ndiyo inayojaza mashimo. Mwembe haukuwa na kosa lolote isipokuwa kuiva wakati mbaya.

Kiangazi kile nilipata kazi kubwa, matofali ya madarasa. Tanuru lilitaka kuni, na kuni za kweli, si vijiti. Nikatazama uani. Nikasema moyoni: mimi ni mtu wa akili, dawa na kuni viko mahali pamoja. Nikachukua shoka.

Mama Feza akatoka na mwiko mkononi. "Papa Feza, huu muti umekukosea nini?"

"Unatuletea malaria."

"Muti?"

"Embe zake."

"Na kule penye hakuna miembe, watoto hawaugui?"

Nikamwambia asinifundishe mambo ya dunia, mimi nimefika mpaka Kigoma. Akaingia ndani, akafunga mlango. Feza ndiye aliyetoka peke yake. Akaomba: "Papa, acha tawi langu tu." Kana kwamba tawi linaweza kubaki hewani. Nikacheka, nikamwahidi biskuti.

Kuni za mwembe, Kalonda, zina moto mtulivu sana. Matofali yale yalitoka mekundu kama nyama mbichi, yakigongwa yanalia kama kengele. Nilijisifu kartiye nzima kwamba nimeifukuza malaria kwangu na nimeitumia kuokea tofali. Watu walinipongeza. Wawili walikwenda wakakata miembe yao. Sikukuambia hilo kamwe.

Na udongo wa kazi ile ulitoka wapi? Pale pale kwenye shina. Ulikuwa udongo wa ajabu, mweusi juu, chini mwekundu wa kunata, nikaufuata kama mtu anayefuata mzinga wa asali, mpaka ukingo wa shimo ukafika karibu na dirisha la chumba mlicholala wewe na Feza. Udongo ulilala karibu na mtu kweli kweli.

Mvua zikaja, shimo likajaa. Maji safi, yanapigwa na jua mchana kutwa, chini unaona alama za jembe langu. Nililipenda lile shimo, sitakudanganya. Nilikuwa nalitazama jioni kama tajiri anayetazama ng'ombe.

Ndipo akaja Mama Sidonie. Unamjua, yule mwanamke wa afya anayepita nyumba kwa nyumba, mwenye buti kubwa kuliko miguu na sauti kubwa kuliko buti. Hakubisha hodi, alizunguka moja kwa moja nyuma.

"Papa Feza! Hii maji njo ya nini?"

"Njo ya samaki," nikasema.

"Samaki gani?"

"Ngege. Nimetia wadogo, sasa wanazaa."

Akanitazama kama anayepima nguo. "Mbu anataga mayai ndani ya maji kama haya, Papa Feza. Mutoto wa mbu anakomaa humo, anatoka na mabawa, usiku anaingia kwa dirisha. Njo yeye anabeba malaria, anaitoa kwa mugonjwa anaipeleka kwa muzima. Kama kuna samaki, samaki watakula watoto wake, nakuachia. Kama hakuna samaki, funga hii shimo leo."

"Mama, hao samaki wangu wanamrukia hata mbu anayepita juu."

Akacheka. Mama Sidonie ana udhaifu mmoja tu duniani, nao ni tumbo. "Basi, siku moja unionjeshe."

Nilimwonjesha. Nilimpelekea ngege mmoja mnene ndani ya sahani, nimemfunika kwa jani la mgomba. Tangu siku ile alinisalimia kutoka barabarani, hakuzunguka tena nyuma. Na habari ikaenda: Papa Feza anafuga samaki uani kwake, bila chakula, bila dawa. Watu walivuka reli kuja kutazama maji. Niliwaambia samaki wa shimo ni wajanja, hawaonekani mpaka wasikie sauti ya mwenyewe. Wakaamini. Mtu akiwa na jina, Kalonda, watu wanamwamini kuliko macho yao. Wewe ulipata ndoano kutoka kwa watoto wa mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha na kuuza samaki, ukawa unakaa pale ukingoni kila jioni ukitoka shule, kimya, mbu wanakula miguu yako.

Sasa nafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Asubuhi moja Feza hakuamka. Nikamshika kichwa, moto. Na mimi, mtu niliyekata mwembe, sikuogopa. Nilikasirika. Nilikuwa nimekwisha kutangaza ushindi mji mzima, na malaria ilikuwa imelala kitandani kwa binti yangu.

Nikamwuliza: "Nani amekupa embe?"

Akasema hakuna.

Nikainua mikono yake, nikainusa. Kidole kimoja kimoja, kama askari anayetafuta mwizi. Ilinuka sabuni. "Feza. Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Nani amekupa embe?"

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na kaptula ya shule. Ulisema: "Mjomba, hakula. Tulikuwa wote." Nikakuambia ufunge mdomo, hii ni nyumba ya wakubwa. Unakumbuka? Mimi nakumbuka mpaka rangi ya kaptula.

Mtoto akatazama uso wangu, akaona jibu ninalolitaka. Watoto wanajua kusoma uso wa baba kabla ya kujua a-be-che. Akasema: "Ndiyo, Papa." Nikauliza kwa nani. Akasema kwa Papa Kisimba, kwa sababu kwa jirani yetu Kisimba ndiko mwembe ulikokuwa umebaki.

Nikaondoka nyumbani kama treni iliyokosa breki. Nikamkuta Kisimba anapiga mswaki. Tukavutana, watu wakajaa, tukaenda kwa shefu wa kartiye, viti vikatolewa. Na siku ile mwanangu nilisema vizuri kuliko siku zote za maisha yangu! Nilitoa methali, nilitoa mfano wa nyoka na kuku, nilimfanya shefu acheke na kisha akunje uso. Kisimba maskini alikuwa anajibu tu, "Lakini miye sikumupa kitu, Papa Feza. Nenda uangalie mutoto kwanza." Nikamwambia usinielekeze kwangu. Kesi ile niliishinda. Kisimba aliamriwa auzungushie mwembe wake miiba. Jua lilikuwa juu ya utosi nilipotoka pale, na watu wawili walinisindikiza kwa sifa.

Nyumbani nikakuta mlango wazi na hakuna mtu. Mama Feza alikuwa amekwisha kumfunga mtoto mgongoni na kwenda sentre ya afya, wewe nyuma yake umebeba chupa ya maji. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumtoboa kidole. Malaria, na damu imekwisha mwilini, midomo yake ilikuwa myeupe kama majivu ya tanuru. Muuguzi alikuwa kijana wa umri wako wa leo. Hakunitukana. Alisema polepole: "Papa, mungelimuleta asubuhi."

Asubuhi nilikuwa nashinda kesi.

Tulimbeba kwa pikipiki kwenda hospitali kubwa, akafa njiani kwenye mikono ya mama yake, mimi nikikimbia nyuma na kiatu kimoja. Neno la mwisho alilonijibu duniani ni uongo, na mimi ndiye niliyemlazimisha kuusema. Amekwenda amebeba kosa la embe ambayo hakuila.

Usifikiri kwamba hapo ndipo nilipoelewa. Ungekuwa utukufu mkubwa mno kwangu. Msiba wote nilimlaumu Kisimba. Kisha nikalaumu upepo wa ziwa. Kisha akaja binamu mmoja kutoka Kiambi na habari za wachawi, nikamsikiliza kwa heshima, nikampa na kuku. Watu wanakuja msibani kila mmoja na mkosaji wake mfukoni, na wote wanaonyesha mbali. Hakuna aliyenionyesha nyuma ya nyumba yangu, na kama angenionyesha ningemtoa nje.

Masika iliyofuata ukaugua wewe. Safari hii Mama Feza hakuniuliza chochote. Alikubeba. Uliporudi na dawa zako za siku tatu, Mama Sidonie alikuja nyuma yenu, hakusalimia, akaenda shimoni na kikombe cheupe cha plastiki. Akachota. Akakileta uani mbele ya watu waliokuja kukupa pole, akakiweka juu ya kinu. Ndani ya kikombe vilikuwamo vijidudu vimelala chini kidogo ya uso wa maji, vimenyooka kama nyuzi zilizokatwa, ukitikisa vinazama vinajikunja, kisha vinapanda tena.

"Papa Feza," akasema, "samaki wako wameshiba sana. Wameacha chakula."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikasema samaki wangu wamefunga Kwaresima. Kicheko kikazidi. Lakini Mama Feza hakucheka. Alikitazama kile kikombe, kisha akalitazama dirisha la chumba chenu, kisha akanitazama mimi.  Mpaka leo hajalitaja lile shimo. Siku ile ile alihamisha mkeka wako chumbani kwake, akachukua matofali kwenye lundo langu bila kuniomba, akaliziba lile dirisha kwa mikono yake. Ni ukuta mbaya, umepinda, fundi yeyote anauona. Sijathubutu kuugusa.

Mimi ndiye ninayejua sasa, Kalonda, kuliko hata Mama Sidonie, kwa sababu yeye alifundishwa na mimi nimelipa. Malaria haitoki kwenye embe, haitoki kwenye jua, wala kwenye baridi ya ziwa. Inatoka kwa mtu inakwenda kwa mtu, na anayeibeba ni mbu jike anayetembea usiku bila kelele nyingi. Na huyo mbu anataka kitu kimoja tu ili azae: maji yaliyotulia. Mtoni anapelekwa na mkondo. Ziwani mawimbi yanamsumbua. Lakini fundi wa matofali anamjengea nyumba, pana, safi, yenye jua, mlangoni mwa watoto wake. Wiki mbili hazifiki anatoka na mabawa. Kiangazi tunachimba, masika tunazika, na katikati kuna miezi mizuri ambayo tunahesabiwa watu wa maana. Ndiyo maana hatuoni. Jembe limekwisha kuning'inizwa ukutani, limekauka, halina hata tope, nani atalishuku?

Ungefikiri nililijaza shimo udongo. Hukuliona limejaa. Usiku wa leo vyura wanapiga kelele humo ninapoandika. Kulijaza ni kusema kitu mbele ya kartiye nzima, na mimi kusema nimesema mengi, lakini kile sikuweza. Kila masika nilijiambia kiangazi kikija. Kiangazi kikija kulikuwa na kazi. Waliotengeneza barabara walichimba mashimo yao wakaenda, hakuna aliyewauliza, nami nikajificha nyuma yao. Nilisema kwani shimo langu tu ndilo lenye maji? Jibu baya sana, mwanangu. Mtu mzima asijibu hivyo. Na hata chandarua nilikikataa kwa maneno, nikisema damu yangu ni chungu, mbu akininywa anaanguka. Watu walicheka. Mama Feza alikuwa anakifungua kila jioni kimya, anakichomeka chini ya godoro upande wangu, asubuhi anakikunja kabla wageni hawajaja. Alinifichia aibu kwa miaka, na mtoto wake yuko chini ya udongo.

Sasa sikiliza, si amri. Sina nguvu ya kukuamuru, utakuwa mbali na kibao ni chako. Nyunzu wanataka matofali. Nyumba zimeungua, watu wamerudi, utakuwa mtu mkubwa kule, pengine mkubwa kuliko mimi, ingawa hilo ni gumu. Watakupa udongo popote. Mama yako atakuambia chimba hapa hapa mwanangu, nikuone ukifanya kazi. Nawe utamwona Jolie amekaa kizingitini na tumbo lake, upepo mzuri, kila kitu karibu, na lile neno langu litakujia mdomoni lenyewe kwa sababu ni tamu. Daktari mwenyewe alimwambia Jolie kwamba mbu anamtafuta mwenye mimba kuliko wengine. Basi ukisimama pale na jembe, mkumbuke Feza akisema "Ndiyo, Papa."

Nenda mbali. Vuka lupango la mwisho, ule ua wa nyumba ya pembeni kabisa, teremka mpaka mahali ambapo hakuna anayelala. Tofali ndilo lije kwa mtu, udongo ubaki kwao. Shingo itauma. Wezi watakuibia. Waache waibe, tofali linafyatuliwa jingine. Na mwisho wa kiangazi, kabla ya wingu la kwanza, rudisha kifusi shimoni, vigae, majivu, takataka, kila kitu, mpaka mvua ikija isipate pa kukaa. Watakucheka, watasema fundi gani huyu anayezika kazi yake. Na ukisikia mtu analaumu embe usimcheke. Mimi nilikuwa yeye.

Lile la hapa nyuma nitalijaza mimi. Nimeanza kulundika matofali yaliyovunjika tangu ulipopanga safari, ulidhani nasafisha uwanja. Mtakapoondoka nitaanza, na Kisimba, akitaka kutazama, atazame. Nimekwenda kwake wiki hii. Alinipa kiti. 

Lakini kuna jambo moja, na kwa hili nimeshinda nimeshika kalamu hewani. Nikilijaza, kartiye itauliza samaki wamekwenda wapi. Nimetafuta uongo wa kuwajibu, mimi, Papa Feza, niliyemliza mwinjinia. Nimetafuta jioni yote, sikuupata. Basi nakuambia wewe kwanza. Hakukuwa na samaki. Hata mmoja, hata siku moja. Ngege wa Mama Sidonie nilimnunua mwaloni, na wale wote niliowaleta mezani alfajiri nikiwa nimelowa mpaka magoti, niliwanunua mwaloni, nikajimwagia maji ya ndoo nyuma ya choo. Uliketi pale na ndoano yako miaka yote ile, hukupata kitu, nami nikakuambia mbele ya watu una mkono mzito, samaki hawakupendi. Mpaka leo ukipita mwaloni husogelei nyavu za watu, unaogopa kuwaharibia bahati. Nimekuona.

Mkono wako hauna kosa, Kalonda.

Mjomba wako,
Papa Feza